Msaidizi Mmoja, Nyumba Tatu

Maoni ya mkaguzi wa msimbo yalikuwa na maneno sita tu: “Ndugu, hii maktaba ni ya nani?”

Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni swali la kawaida la kiufundi. Mara ya pili jasho likanitoka. Jina la maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa ili utumike tena) aliloliona kwenye mwongozo niliowasilisha lilianza na jina la mteja wangu mwingine. Mteja huyu wa pili, mwenye mwongozo, hakupaswa hata kujua kwamba ninamfanyia kazi yule wa kwanza, na kwa jinsi dunia ilivyo ndogo, wawili hao wanagombea soko lilelile.

Mwongozo wenyewe sikuuandika mimi. Nilimwambia msaidizi wa akili mnemba ninayemtumia kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) aandike ukurasa mmoja wa kuwaelekeza watengenezaji programu wapya: namna ya kuwasha mradi, namna ya kuendesha majaribio, namna ya kuandika kumbukumbu za matukio. Akaandika vizuri. Mimi nikausoma kisomo cha mtu aliyechoka, yaani nilitazama vichwa vya habari, nikaona vimepangika, nikatuma. Kwenye aya ya kumbukumbu alikuwa ameeleza kwamba kila moduli itumie maktaba fulani ya ndani, akaitaja kwa jina lake kamili.

Aliitoa wapi? Kwangu. Wiki kadhaa nyuma, nikiwa kwenye mradi wa mteja wa kwanza, nilichoka kumkumbusha kila asubuhi kwamba kumbukumbu zinapitia maktaba ile, nikaandika sentensi moja kwenye faili ya maagizo. Faili za kuchagua zilikuwa mbili: ya mradi ule, na ya nyumbani, ile inayosomwa katika kila kikao popote ulipo. Niliandika kwenye ya nyumbani kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi mbele yangu. Sina sababu nyingine ya kujitetea nayo.

Msaidizi hakukosea hata kidogo. Alitii, tena kwa uaminifu, ila alitii katika nyumba isiyo yake. Na hapo ndipo nilipoona kwamba miezi yote ile nilikuwa nimempa ufunguo mmoja wa nyumba zote.

Kilichomo kwenye folda yenye nukta

Ninatumia Claude Code ya kampuni ya Anthropic, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko, ingawa wengine wa aina yake wana mpangilio unaofanana. Ukiisakinisha inajitengenezea folda iitwayo `.claude` katika saraka yako ya nyumbani. Kwa kuwa jina linaanza na nukta, ukiorodhesha faili kwa kawaida huioni. (Rob Pike, mhandisi wa zamani wa Bell Labs ulikozaliwa mfumo wa Unix, amewahi kueleza kwamba hata kuficha huku kulitokana na ajali: waandishi wa Unix walitaka amri ya `ls`, ya kuorodhesha faili, iruke `.` na `..` tu, yaani folda uliyomo na ile ya juu yake, wakaangalia herufi ya kwanza peke yake, na kila kinachoanza kwa nukta kikatoweka machoni.) Kisichoonekana husahaulika, na mimi niliisahau folda ile tangu siku ya kwanza.

Nilipoifungua baada ya maneno yale sita, nilikuta nimehifadhi mambo mengi kuliko nilivyodhani. Mlikuwa na `settings.json` yenye orodha ya amri nilizomruhusu azitekeleze bila kuniuliza. Mlikuwa na `CLAUDE.md`, faili ya maagizo iliyoniponza. Kulikuwa na amri fupi nilizojitungia. Ndani ya `projects` kulikuwa na mazungumzo yetu, neno kwa neno, kila kikao na faili yake ya JSONL. Usipobadilisha mpangilio, hukaa siku 30 ndipo yafutwe. Na kwenye Linux, hata tokeni ya kuingilia kwenye akaunti hukaa humohumo, katika `.credentials.json`.

Yaani utambulisho wangu, kumbukumbu zangu, ruhusa zangu na maongezi yangu na wateja wote, katika kapu moja.

Mtu atasema: si kuna mipangilio ya mradi? Ipo, na ni mizuri. Ndani ya mradi unaweza kuweka `.claude/settings.json` inayokwenda na msimbo kwa kila mwenzako, na `settings.local.json` inayobaki kwako. Ya mradi inaishinda ya nyumbani pale zinapogongana. Lakini neno zito hapo ni “zinapogongana”. Pasipo mgongano, ya nyumbani inapita kimyakimya. Orodha za ruhusa hazifutani, zinajumlishwa: ukiruhusu amri nyumbani, umeiruhusu kila mahali, mpaka pawe na katazo, kwa kuwa katazo hushinda ruhusa. Mradi wa mteja wa pili haukuwa na neno lolote juu ya maktaba za kumbukumbu. Ule ukimya ndio uliojazwa na sentensi yangu.

Basi dawa haikuwa kuongeza tabaka jingine juu. Msingi wenyewe ulipaswa kuwa mwingine kwa kila nyumba.

Kigeu kimoja

Njia yenyewe ni fupi kiasi cha kuudhi. Kuna kigeu cha mazingira, yaani jina lenye thamani ambayo programu huisoma inapoanza, kiitwacho `CLAUDE_CONFIG_DIR`. Ukikipa anwani ya folda, programu inaichukua hiyo kuwa nyumbani badala ya `.claude`. Ukiipa folda mpya, inaamka kama iliyosakinishwa leo: haijui wewe ni nani, haikumbuki chochote, inaomba uingie upya. Kwenye faili ya ganda langu (programu inayopokea amri za terminali; sitaki kuliita sheli, wasomaji wasidhani nimekwenda kutia mafuta) nikaandika hivi:

```
kwanza()  { CLAUDE_CONFIG_DIR="$HOME/.msaidizi/kwanza"  claude "$@"; }
pili()    { CLAUDE_CONFIG_DIR="$HOME/.msaidizi/pili"    claude "$@"; }
binafsi() { CLAUDE_CONFIG_DIR="$HOME/.msaidizi/binafsi" claude "$@"; }
```

Nikiandika `pili`, ninaingia nyumba ya pili. Kigeu kikitangulia amri namna hiyo kinaishi kwa ajili ya amri hiyo tu, kisha ganda linakisahau. Hili la kigeu kurithiwa na programu inayozaliwa ni kongwe, lilikuja na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, na bado sijaona kitu rahisi kuliko hicho cha kumwambia mtoto “nyumbani kwako ni hapa”.

Wanaotumia Codex ya OpenAI wana `CODEX_HOME`, inayofanya kazi ileile kwa folda ya `.codex`. Codex pia imekuwa na kitu inachokiita profaili: ndani ya `config.toml` unapanga mafungu yenye majina, kisha unataja jina unapoanza kikao. Hapa nataka kusimama kidogo, maana neno hilo moja linabeba mambo mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya. Profaili ya fungu hubadilisha tabia: leo tumia modeli hii, kesho ile, hapa uliza kabla ya kila amri, pale usiulize. Akaunti inabaki ileile na historia inabaki ileile. Ni kubadili nguo, bado unalala chumba kilekile. Ukitaka kutenganisha siri za watu wawili, nguo hazisaidii, unahitaji chumba cha pili.

Mahali panapovuja

Nilipomaliza kuandika zile kazi tatu za ganda, yaani `kwanza`, `pili` na `binafsi`, nilijiona nimemaliza. Ilichukua siku mbili kugundua kwamba nimefunga mlango na kuacha madirisha.

Dirisha la kwanza lilikuwa ufunguo wa API, yaani nenosiri ambalo programu huingia nalo kwenye huduma. Zamani, nikijaribu jambo fulani, niliweka `ANTHROPIC_API_KEY` kwenye faili ya ganda na kuiacha humo. Kigeu hicho kikiwapo na ukakubali kitumike, ndicho kinachotangulia mbele ya akaunti uliyoingia nayo. Kwa hiyo nilikuwa na folda tatu safi, zilizotengwa kwa uangalifu, na chini yake zote zikipitia ufunguo uleule. Niliona pale tu niliposhangaa kwamba matumizi ya mteja wa kwanza hayaongezeki kwenye akaunti yake. Kigeu cha jumla kinapita katikati ya kuta zako zote. Sasa funguo za aina hiyo hazikai kwenye faili ya ganda kabisa.

Dirisha la pili lilikuwa tmux, programu inayobeba madirisha mengi ya terminali kwa pamoja, na hili lilinichosha zaidi. Seva ya tmux hunakili mazingira siku inapoanza, kisha kila dirisha jipya linarithi nakala ile ya zamani. Niliwahi kuianzisha nikiwa nimetangaza kigeu cha nyumba ya kwanza kwa `export`, halafu nikafanya kazi wiki nzima bila kuizima. Nilifuta kigeu kwenye ganda, nikafungua dirisha jipya, kikarudi. Nikafuta tena, kikarudi tena. Nilishuku kila kitu isipokuwa tmux. Amri ya `tmux show-environment -g` ingenionyesha kwa sekunde moja, kama ningeijua.

La tatu ni kihariri, programu ya kuandikia msimbo. Programu unayoifungua kwa kubofya ikoni haikuzaliwa na terminali yako, kwa hiyo usitegemee kwamba itarithi vigeu vya terminali. Kiendelezi cha msaidizi kilichomo ndani ya kihariri kinaweza kuwa nyumba moja, na terminali iliyo pembeni yake nyumba nyingine, katika mradi uleule, kwenye skrini ileile. Siku hizi ninafungua kihariri kutoka kwenye terminali, ndani ya folda ya mradi, basi.

Na kuna moja ambalo si uvujaji hasa, ni tabia ambayo usipoijua itakushtua. Claude Code hutafuta `CLAUDE.md` kuanzia folda uliyomo ikipanda juu. Ukiweka faili hiyo kwenye folda mama iliyobeba miradi ya wateja wote, itasomwa na wote, profaili ziwe tatu au thelathini. Nilipoielewa nikaigeuza kuwa faida: kila mteja ana folda mama yake, na maagizo yanayohusu kazi zake zote yanakaa hapo. Sentensi yangu ya maktaba ilihamia huko siku hiyohiyo.

Mikono

Ruhusa na maagizo vilinishughulisha sana, kumbe kilichostahili hofu zaidi ni seva za MCP (Model Context Protocol). Itifaki hii ilitangazwa na Anthropic mnamo Novemba 2024 na sasa karibu kila msaidizi anaielewa. Kupitia kwake msaidizi anafikia hifadhidata, mfumo wa kufuatilia kazi, nyaraka za ndani. Maagizo ni maneno, MCP ni mikono. Na kila mkono una tokeni yake.

Kabla ya kutenganisha, nilikuwa nimesajili seva ya hifadhidata ya majaribio ya mteja wa kwanza kwa kiwango cha mtumiaji, maana yake iwepo katika miradi yangu yote. Hebu fikiri: nipo kwenye mradi wa pili, namwambia msaidizi “angalia jedwali la watumiaji uone kwa nini hoja hii ya hifadhidata ni nzito”, na mkono pekee alionao wa kufikia hifadhidata ni wa nyumba ya jirani. Jedwali la watumiaji lipo kila nyumba. Angelipata. Angenipa jibu zuri lenye takwimu za watu wengine.

Halikutokea. Lakini niliketi nikalihesabu lingeweza kutokea siku ngapi, nikaacha kuhesabu.

Kwa hiyo hakuna seva ya MCP inayoshirikiwa katika mpango wangu, hata ile isiyo na siri. Ruhusa pia hazishirikiwi. Nyumbani kwangu binafsi nimemlegezea: aendeshe majaribio, apange msimbo, asakinishe vifurushi. Kwa wateja anauliza, na `.env`, faili inayotunza siri za mradi, imekatazwa kusomwa kwa katazo la wazi kama `Read(./.env)`. Maongezi hayashirikiwi, hilo halihitaji maelezo.

Kinachobaki cha kushiriki ni kidogo kuliko nilivyotarajia: namna ninavyopenda majina ya vigeu, lugha ya ujumbe wa komiti (maelezo ya kila badiliko la msimbo), asinipambie majibu. Mwanzoni nilitumia viungo, yaani faili ambayo ni kidole tu kinachoelekeza faili halisi iliyo kwingine. Siku moja nikakuta kidole kimegeuka faili kamili, na nyumba moja imebaki na nakala ya zamani. Sababu nilikuja kuielewa: programu nyingi, ili zisiharibu faili umeme ukikatika, huandika faili ya muda kisha huibadilisha jina ikae mahali pa ile ya awali. Kitendo hicho hakifuati kidole, kinakikata na kukaa juu yake. Ni uangalifu mzuri wenye matokeo mabaya kwangu. Sasa ninaandika mstari mmoja ndani ya kila `CLAUDE.md`, alama ya `@` ikifuatwa na anwani ya faili ya pamoja, nayo inaletwa wakati wa kusoma. Hakuna cha kukatwa.

Nilichoiba kwa Git

Bado palikuwa na tatizo la mimi mwenyewe. Kazi tatu za ganda zinategemea nikumbuke kuandika `pili` nikiwa kwa mteja wa pili, na chanzo cha sakata hili lote ni kwamba sikumbuki.

Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ililitatua jambo hili kitambo. Toleo la 2.13, la mwaka 2017, lilileta `includeIf`: ukiwa chini ya folda fulani, soma mipangilio fulani. Hivyo barua pepe ya kazini haiingii kwenye mradi wa binafsi kwa kusahau. Mahali ulipo ndipo panapoamua. Kwa upande wa msaidizi nilipata kitu hichohicho kwa programu ndogo iitwayo direnv. Kila folda mama ya mteja ina faili `.envrc` yenye mstari mmoja:

```
export CLAUDE_CONFIG_DIR="$HOME/.msaidizi/pili"
```

Nikiingia kwenye folda kigeu kinawekwa, nikitoka kinaondolewa. Mara ya kwanza direnv inakataa mpaka useme `direnv allow`, na ukibadilisha faili inakataa tena, jambo ninalolipenda kwa sababu faili ya namna hii ikitoka kwa mtu mwingine inaweza kuendesha amri yoyote. Kikao kilichokwisha kuanza hakibadiliki ukihama folda, na ndivyo inavyotakiwa.

Lakini wizi mkubwa zaidi kwa Git ni mpangilio usiosemwa sana, `user.useConfigOnly`, wa toleo la 2.8 mwaka 2016. Ukiuwasha, Git haikubali kubahatisha jina lako na barua pepe yako kutokana na kompyuta. Kama hukuitajia, inagoma kukomiti. Nikajiuliza, msaidizi wangu anafanya nini nikimwita mahali ambapo hakuna `.envrc`? Anarudi kwenye `.claude` ya zamani, yenye kila kitu. Nyumba niliyoihama ilikuwa bado na taa zinawaka.

Nikaifuta. Nikatoka kwenye akaunti, nikaondoa maagizo, ruhusa, MCP, historia. Sasa nikiandika `claude` nje ya folda zinazojulikana ninapokewa na ukurasa wa kuniomba niingie, kama mgeni. Katika mabadiliko yote niliyofanya, hili ndilo lililonipa usingizi, na lilichukua dakika tano. Zile kazi tatu za ganda nimeziacha kwa ajili ya kumbukumbu tu, karibu sizitumii.

Saba, kisha tatu

Kwa ulevi wa kitu kipya niliwahi kufikisha profaili saba. Ya kujifunzia Rust, lugha ya programu. Ya kuandika nyaraka. Ya majaribio ya hatari. Moja ilikuwa ya kazi za usiku, msiniulize tofauti yake na za mchana. Kila nilipotunga amri mpya niliinakili mara saba, na baada ya mwezi nilikuwa na matoleo manne ya amri moja. Nilizikata kwa swali moja: humu mna siri ya nani? Rust haina siri. Nyaraka hazina siri zake zenyewe, zina za mwenye mradi. Zikabaki tatu.

Nisije nikamdanganya mtu kuhusu uzito wa kuta hizi. Folda tatu zinamilikiwa na mtumiaji mmoja wa kompyuta, ambaye ni mimi, na msaidizi anaendeshwa kwa jina langu. Nilimjaribu: ndani ya nyumba ya pili nilimwomba aorodheshe faili za nyumba ya kwanza. Akaomba ruhusa, nikampa, akaziorodhesha zote. Kutenganisha profaili kunazuia kusahau. Hakuzuii msaidizi aliyelaghaiwa na maandishi mabaya ndani ya faili aliyoisoma, wala hakuzuii kiendelezi chenye nia mbaya. Kwa hilo unahitaji mtumiaji mwingine wa mfumo, au kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta, iliyopewa folda ya mradi na folda ya profaili yake pekee. Mteja wa kwanza sasa yuko kwenye kontena. Ni polepole kidogo kuwaka, na nimezoea. Wa pili hana data ya kutisha, ninamwacha kwenye folda.

Kitu cha mwisho nilichoweka ni mstari wa hali chini ya skrini. Claude Code inakuruhusu utaje amri ya kuuandika mstari huo, nami nimeandika jina la nyumba tu, kwa herufi kubwa: kijani kwa binafsi, bluu kwa wa kwanza, rangi ya machungwa kwa wa pili. Hakuna jina la tawi la Git, hakuna idadi ya tokeni (zile za maneno, si za kuingilia). Vikiwa vingi sivisomi.

Yule mkaguzi nilimjibu siku ileile. Nilimwambia jina lile ni la kazi nyingine, limeingia kwa uzembe wangu, na nikafuta tawi lililobeba mwongozo ule. Kwa mteja wa kwanza pia nilieleza kilichotokea, na mazungumzo yale yalikuwa mafupi na baridi. Sentensi yenyewe bado ipo, mstari wa tatu kwenye `CLAUDE.md` yake, na inafanya kazi yake vizuri.

Wiki iliyopita mteja wa pili aliniandikia. Mfumo wao umekua, kumbukumbu za matukio zimetapakaa, anaomba nimpendekezee maktaba ya kuziandika. Niliingia kwenye folda, nikatazama rangi ya mstari wa chini, nikatazama tena, ndipo nikaanza kuandika swali.